Kwa Nini Nilizifuta Picha za Mghange

Jamani, nimewasoma nyote. Wengine mmeniuliza kwa upole, "Mghoi, mbona umetoka kwenye kundi?" Wengine mmenitania eti nimeolewa huko milimani nikasahau watu. Na wewe uliyeandika "rudisha ile picha ya chai, ilikuwa moto," nimekuona pia. Wiki mbili sikumjibu mtu kwa sababu nilikuwa naona haya. Bado naona haya. Lakini nina shida ambayo huenda mmoja wenu akaitatua, kwa hiyo nitaisimulia safari tangu mwanzo, na mniache niende kwa mwendo wangu.

Mnakumbuka nilivyojigamba kabla ya kuondoka. Wiki moja, nikasema, mambo matatu: kuwatafuta wazee wangu, kujitolea kupanda miti, na kukwea vilima vya kwetu Taita. Nikasema nitarudi Mtaita kamili. Mlicheka, nami nikacheka. Sikuwaambia habari ya baba.

Baba yangu anaitwa Mwakio, jina la babu yake. Aliondoka Mghange, kijijini kwetu, akiwa na miaka sita na hakurudi kuishi huko tena. Sasa moyo wake umechoka. Daktari amemkataza hata ngazi za nyumba yetu, sembuse mlima. Na kwetu, zamani, mzee hakuachwa kaburini milele. Baada ya muda kichwa chake kilifukuliwa kwa heshima, kikapelekwa chini ya mwamba kukaa na vichwa vya wazee wenzake wa ukoo. Kanisa lilipokolea mambo hayo yakaisha, na mpaka leo watu hawapendi kuyasema mbele ya wageni. Babu yake baba alikuwa wa mwisho kwetu kupelekwa.

Jioni ya kuamkia safari baba aliniita karibu na kiti chake. "Mzee Mwakio yuko kwenye mwamba, juu ya kwa shangazi yako," akaniambia. "Sijawahi kupaona. Ukifika, mwambie Mwakio anakusalimia. Halafu uje uniambie pakoje."

Hilo tu ndilo alilonituma.

Voi: siku moja iliyozaa mbili

Treni haina hadithi. Nilishuka Voi saa saba mchana, joto likanipiga usoni mpaka nikasahau nilichokuwa nawaza. Binamu yangu Mkamburi, anayeishi mtaa wa Kaloleni pale pale Voi, alinipokea, na mpango ulikuwa nilale kwake usiku mmoja. Asubuhi pikapu ya kikundi cha akina mama wa Chawia ingenichukua pamoja na miche iliyotoka kununuliwa.

Asubuhi ikafika, pikapu haikufika. Saa tatu dereva akasema yuko njiani. Saa tano akasema yuko karibu. Saa saba akakiri yuko chini ya gari na fundi. Nikakaa kwenye benchi la Mama Mutua, jirani wa Mkamburi anayeuza chapati na madondo, yale maharagwe ya kupikwa, pale kwenye kona, nikala sahani mbili kwa hasira. Mama huyo ni Mkamba aliyeingia Voi akiwa bibi harusi, na Kitaita anakiongea kama alizaliwa nacho. Alinisemesha, nikamjibu kwa Kiswahili. Akanisemesha tena polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Nikajibu tena kwa Kiswahili.

"Haiya!" akasema. "Wewe ni Mtaita wa kununuliwa wapi?"

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, kisha nikajitetea kwamba nimekuja kufanya utafiti wa ukoo. Nikamtolea hata daftari langu lenye majina. Akalitazama, akanirudishia.

"Utafiti ni mzuri," akasema. "Lakini hayo yote ungemuuliza shangazi yako mkiwa mnamenya viazi."

Niliona ananidharau. Mama wa watu alikuwa ananipa njia ya mkato.

Chawia: nilizika watoto na nepi

Pikapu ilitengemaa siku ya pili, nikapanda mbele, miche ikapanda nyuma. Chawia kuna kikundi cha akina mama kinachorudisha miti ya asili kandokando ya chemchemi, na kiongozi wao ni Mama Righa, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele. Kila mtu alipewa jembe na mstari wake. Mimi mnanijua. Sikutaka kuwa mgeni wa kuangaliwa, nilitaka kuwa wa kwanza kumaliza. Mama Righa alipoanza kueleza jinsi ya kupanda, mimi tayari nilikuwa nachimba.

Nikamaliza mstari wangu akina mama wakiwa nusu. Nikasimama, mikono kiunoni, nikajipiga picha. Mama Righa akaja, akainama, akauvuta mche mmoja. Ukatoka na mfuko wake wa plastiki. Akavuta wa pili, mfuko. Wa tatu, mfuko. Nilikuwa nimeipanda yote bila kuivua.

"Mwanangu," akasema, "umezika watoto na nepi."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikafukua mstari mzima nikaanza upya, jasho likinitoka na machozi yakinikaribia. Mchana walinipakulia kimanga, kile chakula chetu cha muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, bakuli kubwa kuliko la mtu yeyote, na hakuna aliyenikumbusha tena ule mstari. Wakati wa kuagana Mama Righa alinishika mkono akaniambia kitu ambacho nilikiitikia bila kukisikia.

"Una nguvu. Lakini unatanguliza mkono, ulimi unaufuatisha nyuma. Uliza kwanza."

Nikasema asante mwalimu. Siku mbili baadaye ndipo nilipomsikia.

Mghange: nyuki

Mghange ni juu, na baridi yake si ya mchezo. Ukungu unaingia jikoni bila hodi. Shangazi Wakesho, dada yake baba, alinisubiri barabarani na leso begani, akanibebea begi langu kwa nguvu ingawa ana miaka sabini na ushee. Alinitazama usoni kwa muda mrefu.

"Pua ya kwetu," akasema. "Basi si umefika."

Jioni hiyo, tukimenya viazi kama alivyotabiri Mama Mutua, nilimpa ujumbe wa baba. Akaacha kisu. Akasema mahali pale anapajua yeye peke yake kati ya waliobaki, kwa sababu alipokuwa msichana alichunga mbuzi upande ule. Wanawake hawakuwa wakiingia, hata yeye alipaona kwa mbali tu. Lakini kwa ajili ya kaka yake atanipeleka, tusimame chini, anionyeshe.

"Ijumaa," akasema. "Kwanza niseme na wazee wa ukoo. Hatuendi pale kama tunakwenda sokoni."

Ilikuwa Jumatano. Nikamuuliza kesho naweza kutembea wapi, maana miguu yangu ilikuwa inawasha kutaka kilima. Akanitajia njia ya shuleni, njia ya msituni, njia ya kuelekea kilele cha Vuria.

"Ila usipite pale juu penye mwamba mkubwa," akaongeza. "Kuna nyuki."

Nikasema sawa, shangazi.

Asubuhi ya Alhamisi nilitoka na kijiko, sufuria ndogo, majani ya chai na tambi za pakiti. Nilikwenda njia ya msituni kama saa moja, kisha nikauona mwamba. Umeinama mbele kama paji la uso, na chini yake pakavu, na kutoka pale unaona mabonde yote mpaka tambarare ya chini. Nikasimama nikasikiliza. Hakuna nyuki. Nikarusha kijiwe. Hakuna nyuki. Nikajiambia, hawa wazee bwana, wanaogopa nyuki walioondoka zamani. Asiyesikia la mkuu, mnajua mwisho wake, lakini mimi nilijiona ndiye mkuu.

Chini ya mwamba palikuwa na mawe saba ya ukubwa wa kichwa cha mtu, yamepangwa safu moja, safi, hata majani hayakuwa juu yake. Nikapiga picha nikawatumia. Hiyo ndiyo picha ya kwanza, ile mimi nimesimama pembeni, mkono juu. Mmoja wenu akaandika, "Hayo mawe yamepanga foleni kama watoto wa nasari." Tukacheka, mimi huku na nyinyi huko.

Nikataka chai. Mafiga sikuwa nayo. Nikachukua matatu ya mwisho wa safu, yaliyo karibu nami, nikayasogeza hatua kumi hivi, penye upepo kidogo. Nikawasha moto. Yalikaa vizuri sana, haki ya Mungu, sufuria haikuyumba hata mara moja. Nikapika chai, nikapika tambi, nikakaa saa nzima nikitazama nchi ya wazee wangu na kujisikia nimefika nyumbani. Jiwe moja lililia motoni likapasuka ufa. Nikarusha maji kuzima, nikayaacha pale pale, nikateremka nikiimba.

Picha ya chai niliwatumia nyinyi, na nikamtumia baba. Alijibu, "Mahali pazuri mwanangu. Furahi."

Ngoja ninywe maji.

Jikoni kwa shangazi

Nilifika nyumbani mchana na nikamwonyesha mwenyewe. Hakuna aliyenichongea. Nilikaa karibu naye kwenye kigoda nikasema, "Shangazi, wale nyuki wako walihama! Tazama nilivyopika."

Akaomba miwani. Akaishika simu kwa mikono miwili. Nilisubiri acheke. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Haya mafiga umeyatoa wapi?"

"Pale pale. Yalikuwa yamepangwa."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alivua miwani akaiweka juu ya meza, akajifunika uso kwa leso. Mimi bado mjinga, nikidhani mwamba wa baba ni mwingine wenye vichwa, nikamuuliza kama ni shamba la mtu.

"Nyuki ni neno la watoto," akasema ndani ya leso. "Sisi wote tuliambiwa kuna nyuki. Hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja. Mtoto wa hapa akiambiwa kuna nyuki, anajua hapaendwi. Baba yako hakukuambia?"

Baba aliondoka na miaka sita. Labda alisahau. Labda hakuwahi kuambiwa.

Ndipo akanieleza. Vichwa havipo tena. Vilichukuliwa zamani, hata haijulikani na nani. Babu yangu, baba yao, alipokuta mwamba uko mtupu alilia, na ingawa alikuwa mzee wa kanisa, alibeba mawe saba, moja kutoka kila shamba ambalo kila mzee alilima, akayapanga vilevile vichwa vilivyokuwa vimepangwa. Kila jiwe ni mtu. La mwisho kabisa, karibu na njia, ni Mwakio.

La mwisho. Nilikuwa nimechukua matatu ya mwisho.

Nilitamani ardhi inimeze, na siongezi chumvi. Mimi niliyetumwa kumpelekea mzee salamu za mjukuu wake nilimpeleka motoni, nikamchemshia tambi kichwani, sikumsalimu. Nilitoka nje nikajificha nyuma ya migomba. Halafu nikafanya kosa la pili, nalo lilinigharimu kuliko la kwanza. Nilichukua simu na kufuta. Nilifuta ya chai, nikafuta ya mkono juu, nikafuta zote za mwamba, kwenye kundi nikafuta kwa kila mtu, hata zile zilizobaki kwenye kapu la taka la simu nikazimaliza. Nikampigia baba nikamwomba afute yake. Hakuuliza sababu. Kisha nikatoka kwenye kundi. Nilidhani nasafisha.

Mwamba, mara ya pili

Ijumaa tulikwenda na shangazi na mzee mmoja wa ukoo, Mzee Mwandoe, mtu mfupi mwenye koti la suti juu ya sweta. Njia nzima hakunisemesha. Shangazi alisimama chini penye mti, pale alipokuwa akisimama na mbuzi zake enzi za usichana, akanionyesha juu kwa kidevu. Kwa kidole haifai.

"Mimi siingii," akasema. "Wewe umeshaingia. Ingia ukarudishe."

Nikapanda na mzee. Majivu yangu yalikuwa pale, na pakiti ya tambi, hata hiyo sikuiokota Alhamisi. Mawe matatu yalikuwa meusi ti. Nilikuwa nimebeba maji na brashi, nikaanza kusugua moja, mzee akanizuia mkono.

"Acha. Unamwosha nani?"

Sikuelewa. Akarudia taratibu, wala si kwa ukali, "Hili unaloliosha ni la nani?"

Nikayatazama. Yalikuwa yanalingana. Masizi upande mmoja, ufa kwenye lile moja. Nikajaribu kukumbuka mkono wangu ulianza na lipi. Sikukumbuka, maana siku ile yalikuwa mafiga tu, na nani anayakumbuka mafiga? Mzee Mwandoe alijua mpangilio kwa majina, lakini sura ya kila jiwe hakuijua. Marehemu babu ndiye aliyejua. Shangazi kule chini alijua kuhesabu tu, saba, na wa mwisho ni Mwakio.

Shangazi akapaza sauti kutoka chini. "Mghoi! Si ulipiga picha kabla hujayagusa? Ile ya mkono juu? Si inaonyesha yalivyokaa?"

Nilisimama pale, brashi mkononi. Nikatoa simu, nikaifungua, nikaangalia mahali ambapo picha ilikuwa, kana kwamba ingerudi kwa kuangaliwa.

"Nimeifuta," nikasema.

Hakusikia. Ikabidi nipige kelele, bonde zima lisikie. "Nimeifuta, shangazi!"

Mzee akakaa kwenye mwamba. Akasema tuyarudishe tu, kila moja tuliweke popote, Mungu anajua. Tukayarudisha. Mimi niliyabeba, moja moja, kifuani, nguo yangu ikawa nyeusi. Halafu nilipiga magoti nikasema nilichotumwa. Kwa kuwa sikujua ni lipi, nilisema mbele ya la kwanza, "Mwakio anakusalimia." Nikasogea nikasema mbele ya la pili. Nikasogea nikasema mbele ya lile lenye ufa, hapo sauti ikakatika na mzee akanimalizia.

Wakati wa kuteremka ndipo aliposema nami kwa mara ya kwanza sawasawa. Aliniuliza chai yenyewe ilikuwa nzuri.

"Ilikuwa nzuri sana, mzee," nikasema, nikaanza kulia.

Nyumbani

Nilipita Voi bila kusimama. Mama Mutua aliniita kutoka kwenye kona, nikampungia mkono tu. Nisingeweza kukaa kwenye lile benchi.

Baba alikuwa ameketi pale pale nilipomwacha. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mtito Andei njiani, nikayapoteza yote mlangoni. Nikamwambia kila kitu kama nilivyowaambia nyinyi, hata tambi. Alisikiliza hadi mwisho akitazama mikono yake.

"Ulimwambia?" akauliza.

"Niliyaambia mawe yote matatu. Sikujua ni lipi."

"Basi wawili wamepokea salamu zisizo zao," akasema. "Si neno. Ni wazee wangu vilevile." Kisha akageuza uso upande wa dirisha, na sauti yake ikabadilika. "Lakini nilitaka kumjua, Mghoi. Nilitaka kabla sijafa nijue ni lipi."

Kwa hiyo nawaombeni. Najua kuna simu zinazohifadhi picha zenyewe, hata mtu akizifuta kule zilikotoka. Ile ya chai siitaki, ikiwa unayo ifute. Naomba ile ya kwanza, mimi nimesimama pembeni, mkono juu, nikijidai, na mawe saba nyuma yangu yamepanga foleni. Wewe uliyeandika kuhusu watoto wa nasari, anza wewe. Tafadhali tazama.

Baba hajaniuliza tena. Lakini tangu nilipomwambia nitawaandikia, kila simu yangu ikilia, anapunguza redio.